Karatasi Niliyoibandua Ndani ya Mkalimani

Kitaji, Musoma
Jumapili, alasiri

Mwanangu Nyangeta,

Wewe na mama yako mmekwenda Bunda kumuaga bibi yako mzaa mama, na basi la kuwarudisha halifiki kabla ya saa kumi na mbili. Nina saa tatu za kuandika bila mtu kuniuliza naandika nini. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya sanduku lako, chini ya shuka. Utakapoikuta utakuwa chuoni Dar es Salaam na mimi nitakuwa hapa. Hivyo ndivyo nilivyotaka, maana wiki hii nimejaribu mara tatu kukuambia haya kwa mdomo, na mara zote nimeishia kukuuliza kama umekula.

Mambo ya sabuni, ya kufunga mlango na ya kuandika jina kwenye nguo mama yako ameshayasema, na kesho gatini, kabla hujapanda meli, atayarudia. Mimi nataka kukueleza kazi yangu. Unakwenda kusomea umeme, na watu wameshaanza kusema umefuata nyayo za baba. Kabla hujazifuata, zijue zilipita wapi.

Uhuru ulipokuja nilikuwa kijana wa darasa la nane, Bukima, mtoto wa mvuvi. Kiwanda cha nguo kilipojengwa hapa mjini, nilichukuliwa kwa sababu nilijua kusoma na sikuogopa umeme. Nilianza kwa kubeba ngazi za mafundi. Halafu akaja mtaalamu wa kigeni, mtu mkimya, wa kufunga mtambo wa chumba cha rangi. Fundi wa diploma aliyepangiwa kufanya naye kazi alichelewa kuripoti, kwa hiyo wiki sita zote nilikaa naye mimi.

Matangi ya kupikia rangi yalitoka nchi moja. Paneli ya kuyaangalia, ile iliyoko chumba cha juu, ilitoka nchi nyingine. Kila tangi lina kifaa kinachopima joto na kulituma juu kwa waya, namba moja moja, kwa kukata umeme na kuuachia, kukata na kuuachia, upesi kuliko jicho. Paneli nayo inasoma namba, lakini si kwa namna ile wala kwa mwendo ule. Ukiunganisha waya moja kwa moja, paneli inakaa kimya au inaonyesha upuuzi. Ndiyo maana katikati pakafungwa kisanduku cha chuma, cha kijivu, ukubwa wa mkate, kinachopokea habari kwa lugha ya chini na kuitoa kwa lugha ya juu. Wafanyakazi walikiita Mkalimani. Ndani yake kuna mistari miwili ya swichi ndogo kama punje za mchele. Kila tangi lina mpangilio wake wa swichi, na umeme ukikatika lazima uwashe vitu kwa utaratibu wake. Yote hayo yaliandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko. Siku ya kuondoka yule mtaalamu aliigonga karatasi ile kwa kidole, akanitazama, akaitikia kwa kichwa kuniambia kila kitu kiko hapa. Akapanda gari.

Wiki ile ile nikasikia vijana watatu wa diploma wanakuja kutoka Dar es Salaam. Nilijiona tayari nimerudi kwenye kubeba ngazi. Wakati wa chakula, wenzangu wakiwa kantini, nilipanda juu, nikafungua kifuniko, nikaibandua karatasi kwa ncha ya bisibisi, polepole ili isichanike. Nikaiweka mfukoni. Nilikaa nayo nyumbani siku nne mpaka nikaishika yote kichwani, kisha nikaiingiza jikoni, chini ya sufuria ya mama yako. Hakujua kinachoungua ni nini.

Na jioni ile ile nilikwenda kwenye mkutano, nikapiga makofi pamoja na wengine tulipoambiwa kwamba katika nchi ya kijamaa maarifa ni mali ya wote. Nilipiga kwa nguvu. Sikuona ajabu yoyote.

Wale vijana wakaja. Walikifungua kisanduku, wakakizunguka, wakaniuliza. Nikawa nakitengeneza nikiwa nimewapa mgongo, bega langu likifunika mikono. Wawili wakahamia viwanda vingine, wa tatu akabaki ofisini. Mwaka wa kwanza nilikuwa mtu mkubwa. Mashine zikisimama, jina linaloitwa ni Mafuru. Meneja alinijua, wakubwa wa mkoa wakija kutembelea walinipa mkono.

Mwaka wa pili ikatokea nafasi ya kozi Morogoro, miezi tisa, na cheti. Nikaandika barua ya kuomba. Meneja akacheka kwa upendo kabisa. "Ndugu Mafuru, wewe ukienda, hapa nani atabaki?" Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yako kama sifa. Mara ya pili nilipoomba, hakucheka. Mara ya tatu sikumaliza hata sentensi yangu, alishaanza kutikisa kichwa. Vijana niliowakuta wakifagia chumba cha rangi wakaenda kozi na kurudi na vyeti, nami nikabaki na kisanduku changu. Likizo zangu zilikatwa katikati. Walinifuata kanisani Mwisenge, wakanifuata kwenye harusi ya binamu yangu nikiwa nimeshika sahani. Siku aliyozaliwa mdogo wako walinifuata hospitali, mama yako akaniangalia tu nikivaa viatu.

Nyangeta, hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Kilichotakiwa ni kukaa chini nusu saa, kuandika karatasi nyingine na kuibandika mahali pake. Lakini ningesema ile ya kwanza ilikwenda wapi? Nilijifungia mlango kwa mkono wangu, halafu nikaona aibu kuomba kufunguliwa.

Ulikuwa darasa la tano bibi yako wa Bukima alipougua. Unakumbuka mazishi. Ya kabla ya mazishi hukuelezwa. Alikuwa ameshahamishwa kutoka kule juu kwenye mawe, karibu na ziwa, alikozaliwa baba yangu, akajengewa katika kijiji cha ujamaa kando ya barabara. Nilipewa ruhusa ya siku mbili. Siku ya pili asubuhi nilikuwa namnywesha uji kwa kijiko, tukasikia gari. Angekuwa bado kule kwenye mawe, gari lisingefika.

"Gari la nani hilo?" akauliza.

"La kazini, Mama."

"Wanakufuataga mpaka huku?"

"Mtambo umeharibika. Wanasema mtu ameumia."

Akavuta pumzi. Halafu akasema, "Hakuna mwingine?"

"Hakuna, Mama."

"Basi nenda. Watu wasikae bila nguo."

Alidhani mimi ndiye ninayefuma kitambaa cha nchi nzima, na sijawahi kumsahihisha. Nikampa dada yangu kijiko. Bibi yako alifariki siku ile ile, jua likiwa bado halijashuka. Nililetewa habari na utingo wa basi, nikiwa bado kando ya kisanduku, nimeambiwa nikilinde mpaka zamu iishe. Ule uji alikuwa hajaumaliza.

Nimeishi na lile neno "hakuna". Lilikuwa kweli, na ukweli wake niliutengeneza mimi.

Sasa aliyeumia. Unamfahamu. Ni yule mzee wa Butiama, Wambura, anayetuletea mihogo msimu wa mavuno. Ulikuwa darasa la saba alipokuja mara ya kwanza. Ulifungua mlango, ukarudi ndani ukaninong'oneza, "Baba, kuna mtu shingo yake imekunjamana." Baadaye ukaniuliza aliungulia wapi, nikakujibu kazini. Nikaishia hapo.

Wambura alikuwa mhudumu wa matangi. Siku nilipokuwa Bukima umeme ulikatika na kurudi, paneli ikawa haionyeshi kitu. Ile saa ya joto ya kwenye tangi lenyewe ilikuwa imekufa siku nyingi, na spea hazikuwepo. Msimamizi wa zamu akapanda naye juu akimfokea kwamba kitambaa kinaharibika, afanye kitu. Wambura akafungua kifuniko cha Mkalimani, akaanza kugeuza swichi moja baada ya nyingine kwa kubahatisha. Mwisho paneli ikawaka. Watu wakashangilia. Ilionyesha kwamba tangi limepoa. Mwanangu, katika masomo yako watakufundisha sana kuhusu mtambo ulionyamaza. Mimi naogopa zaidi ule unaokupa namba safi, isiyo ya kweli, na watu wamechoka kusubiri. Wambura akashuka, akafungua tangi. Mvuke ulimpiga mkono wa kulia na shingo.

Nilipofika nilipanga swichi, nikawasha kwa utaratibu, paneli ikasema kweli. Haikuchukua hata robo saa. Walinipa chai.

Baada ya wiki chache kamati ilikaa kantini. Nilikuwa nimetoka kuzika. Wambura alikaa mbele, mkono umefungwa bendeji mpaka begani. Mwenyekiti akaniuliza, "Ndugu Mafuru, kisanduku hiki kilikuwa na maelekezo yoyote ambayo Ndugu Wambura angeweza kuyasoma?"

Nikasema, "Hayakuwepo."

"Kwa hiyo aligusa mtambo bila ruhusa na bila ujuzi."

Sikujibu. Wambura alikuwa ananitazama. Macho yake hayakuwa ya hasira. Alikuwa ananingoja. Mwenyekiti akafunga faili, na Wambura akaachishwa kazi. Jumamosi iliyofuata nilimwona stendi na mkewe, wamefunga magodoro kwa kamba, wanasubiri gari la Butiama. Nilipita upande wa pili wa barabara.

Misimu miwili ya mvua ilipita. Asubuhi moja niliyokuwa na zamu ya mchana nikapanda gari la Butiama bila kumwambia mtu. Nilimkuta shambani, anapalilia pamba, jembe amelishikilia kwa mkono wa kushoto, wa kulia unasaidia tu. Akaniona kutoka mbali, akaendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari. Ndipo akaja.

"Ndugu Mafuru. Umepotea?"

"Nimekuja kwako."

Mkewe akatuletea uji, akaondoka. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Karatasi, bisibisi, jikoni, kantini. Nilipomaliza akasema, "Nilijuaga."

"Ulijuaje?"

"Nilipofungua kile kifuniko niliona gundi. Pembe nne. Nikasema, hapa palikuwa na karatasi, na karatasi haijiondoi."

Nikakaa kwenye tuta. "Mbona hukusema kwenye kamati?"

"Nimwambie nani? Wewe ndiye walikuwa wanakusikilizaga. Mimi nilikuwa mtu wa kufungua matangi." Akanywa uji. "Nilikusubiri useme mwenyewe. Siku ile nikakusubiri. Mwezi ule nikakusubiri. Halafu pamba ikaota, nikawa na kazi."

Nikamwomba msamaha. Alitazama mkono wake, akaukunja, akaukunjua. Akasema, "Umekula asubuhi?" Nikasema hapana. Akamwita mkewe alete uji mwingine. Mpaka leo hajaniambia amenisamehe, na mimi sijamuuliza tena. Analeta mihogo, anakaa, tunaongea habari za mvua. Siku anayoondoka huwa naumwa kichwa.

Kesho yake niliingia kwa Meneja nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nitakwambia kweli, nilitamani kufukuzwa. Nilikuwa nimeshaona picha yangu niko Bukima, nashona nyavu. Meneja alisikiliza mpaka mwisho, akainuka akafunga dirisha.

"Nikikufukuza wewe," akasema, "kesho umeme ukikatika nafanyaje?"

Akaandika barua ya kumsafisha Wambura na kumwita kazini. Kwangu akaandika onyo, akaliweka kwenye faili. Niliipeleka ile barua Butiama mwenyewe. Wambura akaisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akasema mkono wake umeshazoea jembe. Basi aliyetaka kutoka alikataliwa, na aliyetolewa alikataa kurudi. Nikarudi juu kwenye chumba changu.

Niliandika karatasi mpya kwa mkono wangu, iko ndani ya kifuniko mpaka leo. Nilianza kufundisha. Wa kwanza alihamia Mwanza mara tu alipoelewa. Wa pili ni Bhoke, unamjua, aliyetoka Tarime, na sasa anafanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi kwa sababu haogopi kuulizwa. Lakini karatasi peke yake sasa haitoshi. Kisanduku kimezeeka, fedha za kigeni za kununua kipya hakuna, na kila mwezi mimi na Bhoke tunakichoma risasi ya kuunga waya mahali papya. Ofisi inataka watu wawili wanaokijua, zamu kwa zamu. Kwa hiyo bado nipo.

Nimefika kwenye jambo la kwako.

Barua yako ya kuchaguliwa chuo ilipitia sanduku la posta la kiwanda. Ulidhani imefika Ijumaa ile niliyokuletea. Ilifika siku tisa kabla. Niliisoma, nikaiweka kwenye droo ya vifaa, chini ya koili za waya. Sijui nikueleze nilifikiri nini. Nilifikiri nitakufundisha mimi mwenyewe, utapata kazi hapa, utakaa karibu na mama yako, na siku moja utashika zamu yangu. Nilijiambia nakutunza. Siku ya nane ulikuja mpaka getini, na vumbi la kutembea kutoka Kitaji miguuni, ukaniuliza kama kuna barua. Nikakutazama usoni nikasema, "Hakuna."

Ulisema, "Haya Baba, asante," ukageuka. Nilikuangalia mpaka ukapotea kwenye kona. Lile neno lilikuwa limetoka vizuri, laini, kama lilivyotoka Bukima. Nilipanda ngazi nikakaa chini ya paneli, Bhoke akaniuliza kama naumwa. Kesho yake nikakuletea. Ukaruka ruka uani na mama yako akapiga vigelegele, na mimi nikacheka pamoja nanyi. Ndiyo sababu mmeshona nguo kwa haraka hivi, ndiyo sababu utafika chuoni wenzako wameshachagua vitanda. Ni kwa sababu yangu.

Ukikasirika, kasirika. Usinifichie hasira yako kwa sababu mimi ni baba. Wambura alinifichia yake, na nilipata shida zaidi kuliko kama angenitukana. Mama yako hajui habari ya siku tisa. Nitamwambia wewe ukishaondoka, maana leo nisingependa aharibu safari yako kwa kulilia mambo mawili.

Sikuandikii ili usome sana. Utasoma, najua. Nimekuona ukifungua redio ya mjomba wako na kuirudishia ikiwa na sauti. Ila utakuta huko watu wanaojua, na siku moja utakuwa wewe ndiye unayejua, na mwenzako atasimama nyuma yako akichungulia. Utasikia bega lako linataka kusogea. Mimi nilikuwa nikilisikia. Ni jambo dogo sana, bega kusogea.

Jambo la mwisho, kisha nifunge sanduku. Juzi Meneja aliniita. Kuna nafasi ya kozi Morogoro, ile ile niliyoomba tangu ukiwa mdogo. Akanipa kiti. Akaweka fomu mbele yangu. Ilikuwa ya kwako. Inasema kwamba ukimaliza chuo utarudi kufanya kazi kiwandani hapa miaka mitano, na mzazi anathibitisha kwa saini.

"Tukiwa na uhakika wa binti," akasema, "hata ukipata cheti ukahama, baadaye tutakuwa na Bhoke na yeye. Wawili. Hapo naweza kukuachia, Ndugu Mafuru. Hata mwaka huu."

Niliisoma mpaka chini. Kalamu alikuwa ameshaitoa kofia. Nilifikiria Morogoro, milima yake ninayoisikia tu kwa watu. Nilifikiria cheti chenye jina langu. Halafu nikairudisha fomu upande wake wa meza.

"Binti yangu hayupo hapa aulizwe," nikasema. "Na mimi siwezi kusaini miaka ya mtu mwingine."

"Ukikataa, unajua kozi inakwenda kwa mtu mwingine."

"Najua."

Akaweka kalamu chini. Hakukasirika, alishangaa tu. "Basi utakaa," akasema.

Nikamwambia, "Nitakaa."

Baba yako,
Mafuru